Uzi Ukutani kwa Stamen

"Mwambie mumeo aache kugonga ukuta wetu," Yordana, mke wa Stamen, alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini sana. "Kila siku saa sita mchana! Stamen anasema ataita polisi."

Dena aligeuka akatazama kitandani. Rangel alikuwa amelala chali na buti zake miguuni, kama alivyolala jana na juzi saa hiyohiyo, mdomo wazi, uso umempauka.

"Rangel yuko hapa, dada Yordana. Amelala."

"Usinidanganye. Kikohozi chake nakijua." Halafu akanong'ona: "Dena, kinatokea ndani ya ukuta."

Simu ikakatika.

Nyumba hiyo ya Stamen, ya mawe, pembeni mwa kijiji, ilikuwa iwe yao. Misimu mitano Dena na Rangel waliinama kuchuma stroberi Uhispania, na akiba yao yote walimkabidhi Stamen mwezi wa pili kama arbuni. Stamen aliwaandikia karatasi kwa mkono wake, akawamiminia pombe ya rakia, akasema, "Nyumba ni yenu, jamani! Kwa wakili tunakwenda kugonga muhuri tu. Ukuta wa nyuma umeanguka, jengeni mkitaka." Wakajenga. Ukuta ulipokauka, Stamen akapata mteja wa mjini mwenye pesa nene zaidi, akajitia hawajui. Arbuni alisema ameshaitumia, na asiyeridhika aende mahakamani. Wakili aliwaambia ile karatasi ingeweza kuwarudishia pesa zao, labda, baada ya miaka mitatu. Stamen, kusema kweli, alizaliwa bila haya.

Dena alimshika Rangel mkono amwamshe. Ulikuwa wa baridi, na chini ya kucha zake kulikuwa na chokaa mbichi. Tangu ukuta uishe hakuwa amegusa chokaa. Alimtikisa, akamwita, akampiga makofi, wapi! Saa saba ilipofika akafumbua macho mwenyewe.

"Nilikuwa nyumbani," akasema.

"Nyumbani wapi?"

Rangel alimgeuzia mgongo.

Asubuhi ya pili yake Dena alikwenda kwa Gencho, fundi mzee aliyewajengea ukuta. Alimkuta uani anaosha mwiko wake.

"Fundi, ulimfanya nini mume wangu?"

Gencho hakuuliza kwa nini. Aliketi juu ya ndoo, kofia mkononi.

"Aliniomba mwenyewe, mwanangu. Ukuta ulikuwa umetuangukia mara mbili. Akaniambia, nipime kivuli, fundi, kama walivyofanya wazee. Nikakipima kwa uzi mwekundu, utosini hadi unyayoni, nikauzika uzi chini ya ukuta. Haukuanguka tena."

"Na wewe ukakubali!"

"Nilijua nyumba ni yake! Kivuli cha mwenye nyumba kinakaa kwake, kinalinda, hakina neno. Lakini mtu ambaye nyumba si yake, ukuta humvuta. Siku arobaini, basi, amekwisha. Anabaki humo, talasam, mzuka wa nyumba ya watu."

"Leo ni siku ya ngapi?"

Mzee alikuwa ameshahesabu. Machozi yalimlengalenga. "Ndiyo leo, mwanangu. Tusipouvunja ukuta tukautoa ule uzi, saa saba hataamka."

Walifika kwa Stamen saa sita ikikaribia. Yordana alikuwa amesimama barabarani na koti lake, hataki kuingia ndani. Stamen aliwazuia mlangoni.

"Kuvunja ukuta? Mteja wangu anakuja Jumamosi! Mmerogwa?"

"Kaka Stamen, nakupigia magoti."

"Piga mpaka kesho."

Mara kikohozi kikasikika nyuma yake, ndani, kikavu, cha mtu aliyekula vumbi. Stamen aligeuka akatazama nyuma. Hofu ilikuwepo, tena nyingi, ila tamaa ilikuwa imewahi kufika.

"Nipe karatasi ya arbuni," akanong'ona. "Nipe, ndipo mvunje."

Dena alikuwa nayo kifuani, hakuwahi kuiacha hata kulala. Alijua akiitoa hawatapata nyumba maisha yao yote. Aliitoa huku analia kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Stamen aliitia kwenye jiko la kuni, akaingoja iungue yote.

"Mungu anakuona," Yordana alisema kutoka barabarani.

"Anione."

Gencho alipiga nyundo, na kutoka ndani kitu kikagonga, akapiga tena, kikagonga tena, mara hii kabla nyundo haijashuka, na harufu ya chokaa mbichi ikajaa uani ikichanganyika na jasho la Rangel ambalo Dena alilijua kwa miaka kumi na miwili, hata jiwe la chini lilipotoka pumzi ya moto ikampiga usoni na sauti ya mumewe ikamfikia, bila hasira, ile sauti yake ya kitandani wakati wa baridi, "Dena, acha, nimeshahamia, ingia na wewe, nafasi ipo." Akatia mkono mpaka begani. Vidole viligusa uzi, umelowa, una joto, na upande wa pili kulikuwa na mtu ameushika, anauvuta taratibu kama asiye na haraka, naye Dena akauvuta kwake akipiga kelele, akimwomba Rangel msamaha, akimtukana, akimwomba tena, mpaka ukamwachia ghafla akaanguka chali na uzi wote mkononi.

Alikimbia nao hadi kwenye chumba chao cha kupanga. Rangel alikuwa ameketi, anakula supu ya maharage ya jana moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi. Dena alimwangukia shingoni, akacheka, akalia, akambusu hadi kwenye masikio.

"Nyumba je?" Rangel akauliza.

"Hatuna nyumba."

"Na karatasi?"

"Stamen ameichoma. Ndiyo niliyokukombolea."

Rangel aliweka kijiko chini. Hakukasirika hata kidogo, na hapo ndipo Dena alipoogopa kuliko alivyoogopa kule ukutani.

"Kule palikuwa na joto, Dena," akasema. "Si ungeniacha tu. Angalau mmoja wetu angekuwa na nyumba."