Aliyekaa na Wifi

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata kaka yangu na mkewe. Lakini nami nimo, na sehemu yangu si ya kujivunia.

Kaka ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake wanamwita Tulia, maana ndilo neno lake kutwa nzima: tulia, kanyaga klachi, tulia. Pale chuoni kwao wana tabia moja. Mwalimu akichoka, gari husimama kwenye makutano, yeye anashuka na mwenzake anaingia. Hakuna kuagana. Mwanafunzi kakodoa macho barabarani, hata hajui aliyekaa pembeni yake sasa ni nani.

Jumatatu asubuhi wifi alishikwa na uchungu akianika nguo. Walikwenda hospitali wakicheka, kaka akijigamba kwamba aliyeweza kufundisha watu kurudi nyuma mlimani hawezi kushindwa na leba. Mkunga mmoja mnene alimtazama tu. Wodi ile huruhusu msindikizaji mmoja, naye huvaa gauni la kijani, barakoa, na kadi yenye namba shingoni. Kaka akavaa.

Uchungu wenyewe haukuwa na mpango. Ulikuja kwa kasi mchana, jioni ukakatika kabisa, wakaambiwa watembeetembee ukumbini. Jumanne asubuhi ukarudi na hasira. Mkunga akapima njia ya uzazi: sentimita nne. Baada ya saa tano akapima tena: nne zile zile. Daktari mmoja akasema mgonjwa apasuliwe, akaja mwingine akasema wangoje. Wifi alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, kaushika mkono wa kaka. Kila uchungu ulipopanda aliuliza neno moja.

"Upo?"

"Nipo."

Saa saba mchana kaka akaaga kwamba anakwenda msalani. Alikuwa na njaa, alikuwa na hofu, na kilio cha mkewe kilikuwa kimemwingia mpaka kwenye meno. Kwenye benchi la ukumbini alikaa mwanamume mmoja, msafi, mikono juu ya magoti. Alikuwa pale tangu jana yake. Hakuna muuguzi aliyewahi kumuuliza anamsubiri nani.

"Ndugu yangu," kaka alinong'ona, "naomba unipokee. Kaa na mke wangu. Haangalii, ukimshika mkono inatosha. Mimi nimeshindwa."

Yule mtu hakushangaa hata kidogo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie basi."

"Utaniambia mbele yake," akasema. Kaka akavua gauni, barakoa na kadi, akampa.

Kutoka pale alikuja kwangu, mtaa wa pili tu. Na hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilipaswa kumtimua arudi alikotoka. Badala yake nilimwambia, "Uzazi wa kwanza huchelewa. Kula, ulale kidogo." Nikamtandikia kochi, nikamfunika shuka. Alilala mpaka saa kumi na moja jioni, nami nikawa napita kwa kunyata nisimwamshe. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Alipofika wodini mbio mbio, mkunga mnene alimpiga begani.

"Wewe ni mwanamume! Saa zote hizo hukumwachia mkono. Laiti wangekuwa hivi wote." Kisha akalitazama shati lake. "Mara hii umeshavua gauni? Si nimekuacha ndani sasa hivi?"

Ndani hapakuwa na mtu mwingine. Wifi alikuwa ameegemea mto, mtoto wa kike kifuani.

"Asante," alisema. "Asante kwa kukaa."

Hapo ndipo kaka alipopata nafasi ya kusema ukweli.

"Ningekwenda wapi?" akajibu.

Nyumbani mambo yakaanza, tena mchana kweupe. Mtoto analia chumbani, na kabla mtu hajamfikia ananyamaza. Wifi yuko jikoni anasema kwa sauti, "Mgeuze kidogo, atacheua." Kaka yuko nje anaosha gari. Anaingia, anamkuta mtoto amegeuzwa.

Siku ya nne wifi alikuwa amejilaza, macho kayafumba.

"Upo?"

Kaka alikuwa mlangoni. Akafungua mdomo. Akawahiwa.

"Nipo."

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka kitandani, pembeni ya mkewe.

Alinipigia simu analia. Nilikwenda, nikamvuta uani, nikamnong'oneza kwamba aseme, aseme leo. Akanijibu, "Atanionaje?" Unaona? Kitu kimelala kitandani kwake, yeye anaogopa kudharauliwa. Wala sikumcheka. Mwenyewe nilikuwa naomba, akisema, asitaje kochi la nani.

Siku ya sita, saa sita mchana, alisema. Nilikuwepo. Alisema yote, na kochi langu akalitaja. Kisha akaitazama ile nafasi tupu pembeni ya wifi.

"Basi," akasema.

Godoro lilikuwa limebonyea pale. Likainuka. Polepole. Mtoto akaanza kulia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakukuwa na wa kumnyamazisha.

Wifi hakukasirika. Heri angekasirika.

"Nilijua," alisema. "Mkono ule ulikuwa wa baridi. Nilijua saa ile ile kwamba si wewe. Lakini kila nilipouliza, alinijibu."

Kaka alijifunika uso. Mimi nilitazama sakafu.

Mtoto sasa ana miaka saba, na ndoa ipo. Wanasalimiana vizuri, wanakula pamoja. Ila wifi akikunja mikono ya blauzi kuosha vyombo utaziona alama tano nyeusi kwenye kifundo cha mkono wake, alama za vidole. Amepaka kila dawa aliyopewa, hazifutiki. Siku moja, wifi akiwa amelala, kaka aliweka vidole vyake juu ya zile alama. Havikufika hata nusu.

Na wifi akiumwa, hata kichwa tu, hamwiti mumewe. Anageukia ukutani, anazifunika zile alama kwa mkono wa pili, anatulia.