Ningojeni Nivuke

Jumamosi ile Kefa alitoka kwake Mtopanga asubuhi, akampitia fundi Jefwa kwenye gereji yake Kisauni, wakashika njia ya Changamwe kutafuta gari. Kefa alikuwa karani wa bohari la makontena, mtu wa bara aliyekaa pwani miaka kumi na mmoja, wala hakuwa mtu wa pupa. Lakini mkewe Jael, mpishi wa hoteli moja Shanzu, alikuwa na mimba ya miezi sita, na ile ya kwanza ilikuwa imeharibika njiani, juu ya pikipiki. Safari hii Kefa aliapa Jael hatapanda pikipiki tena.

Walitaka gari dogo la kimo cha juu, lisilokwaruza tumbo kwenye mashimo na lisilobugia mafuta.

"Usitazame rangi," Jefwa alimwambia walipofika yadi moja karibu na uwanja wa ndege. "Rangi hupakwa. Tazama chini."

La kwanza lilikuwa limeliwa na kutu chini kwa chini. La pili lilishtuka kila gia ilipoingia. La tatu lilikuwa la kijivu, limeshuka melini mwezi uliopita. Jefwa alilala chini yake, akanusa oili, akalinganisha namba ya chasisi na karatasi, akaliendesha hadi Miritini na kurudi, skrini ikiwa bado imezimwa.

"Sina la kusema," alisema aliposhuka. "Hili ni zima kuliko mimi."

Jefwa alipokwenda kunawa mikono, Clifford mwenye yadi aliliwasha tena ili Kefa aone taa na skrini. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye skrini, maneno machache, taratibu.

"Kijapani hicho," Clifford alisema. "Mengi huja hivyo. Mtazoea."

Kefa akalinunua, na yeye na Jael wakazoea kweli. Jael akamwita yule mwanamke mke mwenza. "Mke mwenzangu kashaamka," alikuwa akisema kila asubuhi akifunga mkanda juu ya tumbo lake, na Kefa akicheka.

Juma la tatu, sauti ikaanza kusema njiani. Haikusema kila mahali. Ilisema kwenye kona moja tu, mbele kidogo ya mahakama ya Shanzu, na maneno yaliongezeka siku hata siku. Asubuhi moja Kefa alisimama pale na kuzima injini. Akachomoa ufunguo. Skrini ikawa nyeusi.

Sauti iliendelea.

Jael hakufanya mzaha tena. "Kefa," alinong'ona, "Kijapani sikijui. Lakini mtu anayeomba namjua."

Jioni hiyo hiyo Kefa alilipeleka gari kwa Jefwa. Hakumweleza kitu, alimwomba abadilishe oili tu. Jefwa aliingia, akawasha, na mwanamke akasema. Jefwa akabaki ameshika usukani, macho mbele.

"Gari hili umelinunua wapi?"

"Si tulikuwa sote, Jefwa?"

"Hicho si Kijapani. Ni Kigiriama, lugha ya kwetu. Anasema, ningojeni nivuke kwanza."

Akaifungua skrini, akaing'oa pamoja na nyaya zake, akaiweka sakafuni. Kisha akang'oa betri. Walisimama mbali kidogo na gari, milango wazi. Halafu sauti ikaja tena kutoka ndani ya gari tupu, chini zaidi, kama ya mtu anayekosa pumzi.

Jefwa alimwambia Kefa kwa mnong'ono: "Anasema gurudumu limemkalia kifuani."

Kesho yake saa nne walikwenda kwenye ile kona kwa gari la Jefwa. Walidhani watasikia habari ya ajali ya zamani, labda kaburi. Walikuta kibanda cha mihogo ya kukaanga. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ng'ambo ya barabara, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ndoo ya maji kichwani, akiwapungia mkono madereva na kuwatania kwa Kigiriama. Kefa hakuelewa neno hata moja. Lakini sauti aliijua. Alikuwa ameamka nayo mwezi mzima.

Jefwa alimshika mkono kwa nguvu. "Maneno ni yale yale," alisema.

Mwanamke akavuka, akatua ndoo, akawakaribisha. Jina lake Kaviha. Kefa alinunua mihogo asiyoweza kuila.

"Dada," alisema, "maji huwezi kuteka upande huu?"

Kaviha akacheka. "Upande huu mfereji uko wapi, kaka? Kibanda kiko hapa, maji yako kule. Nisipovuka nitayapataje?"

Kefa akafungua kinywa. Jefwa akamtazama. Angeambiwa nini, mtu mzima na akili zake, mbele ya wateja wake? Wakaaga, wakaenda zao.

Wiki hiyo Jefwa alirudishia betri na skrini, na Kefa akalirudisha gari yadini, akalibadilisha kwa saluni kuukuu nyeupe, gari la kimo cha chini. Clifford hakuuliza sababu. Alinyoosha mkono akapokea ufunguo, kama mtu aliyekuwa akiungoja. Na Kefa naye hakusema. Alijiambia kwamba gari liko Changamwe sasa, mbali na ile kona, na hilo latosha.

Siku kumi na tisa baadaye Jefwa alimpigia simu mchana.

Gari la kijivu lilikuwa limepata mwenyewe mpya, mwalimu mmoja. Alikuwa ameliegesha kwenye ile kona, kando ya barabara, pahali tambarare, breki ya mkono imevutwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Yeye alikuwa kibandani, anakula mihogo. Kaviha alikuwa akirudi na ndoo.

"Kifuani?" Kefa aliuliza.

Jefwa alikata simu.

Polisi walilivuta gari hadi kituoni na kulifunga mnyororo. Kefa alikwenda kwenye maziko ya Kaviha. Alisimama nyuma kabisa, na mama wa marehemu alipompa mkono, Kefa alishindwa kuutazama uso wake.

Siku ya nne baada ya maziko alitoka nje alfajiri kuchota maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mchanga wa uani ulikuwa umelowa, umejaa vishimo vya matone. Katikati yake palikuwa na alama za magurudumu, pana kuliko za saluni yake. Zilianzia chini ya geti, nalo lilikuwa limefungwa kwa kufuli kwa ndani. Zilipita kando ya saluni bila kuigusa, zikaenda moja kwa moja hadi ukutani, chini ya dirisha la chumba alimolala Jael.

Kefa aliinama akazigusa. Mchanga ndani yake ulikuwa mkavu.

Akatafuta alama za kurudi nyuma. Hazikuwepo.