Bibi Aliyenyoosha Mipira

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida tu, mwaka tisini na sita, mchana, nimetoka kunywa uji nje nikarudi wodi ya mahututi kukaa na Kija, mwanangu wa miaka minne, malaria ilikuwa imempanda kichwani, na kwa vile mishipa ya mikono ilikuwa imepotea wakamwingizia mpira wa dripu pajani, na mwingine wa mkojo. Alikuwa anaendelea vizuri. Daktari mwenyewe alisema.

Akaingia bibi mmoja na ndoo. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mpira wa mtoto umejikunja, mama."

Akaunyoosha, pale pale unapoingilia kwenye ngozi. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji. Sikupenda, lakini mtu mzima kama yule utamwambiaje asiguse?

Kesho yake Kija alikuwa anawaka. Paja limevimba, linatoa usaha.

"Nani kaushika huu mpira?" nesi Teodora akaniuliza.

"Bibi wa usafi."

"Wafagizi wote walipunguzwa kazi mwaka jana. Nadeki mwenyewe." Akasogea sikioni kwangu. "Ana kovu kidevuni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Odeta. Alikuwa mfagizi wetu. Akaja kulazwa hapa hapa. Maji yalikuwa yamekatika, tukamwekea mpira bila kunawa. Siku ya tatu homa. Ya tano tukamfunika shuka usoni."

Hakungoja daktari. Akaitoa mipira yote miwili, akamchoma Kija sindano. Jumamosi homa ikashuka.

Jumapili mchana Odeta akarudi.

Akasimama kwetu. Akatafuta mpira. Hakuna. Akaenda kitanda cha jirani, kwa mtoto wa Justa, mwenye mpira wa kulishia puani. Justa alikuwa amesinzia. Nikamwona bibi anainama. Mdomo nilikuwa nao. Sikuufungua. Niliogopa atageukia kwetu.

Mtoto wa Justa alizikwa Jumatano.

Jana, baada ya miaka yote hii, Justa alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Nyakato. Peke yake. Akakaa kwenye benchi.

"Mwenzangu, wewe ulikuwa macho. Kuna mtu alimshika mwanangu?"

"Sikuona mtu."

Akanitazama sana. Akaaga.

Nilipogeuka, benchi lilikuwa limelowa. Alipokaa Justa pakavu. Palipolowa ni pembeni yake. Nikafuta kwa kanga.

Mpaka naandika hivi, hapajakauka.