Kiporo cha Praha

Kipande cha mwisho cha samaki wa moshi kilikuwa kimelala juu ya barafu, na vidole viwili vikakielekea kwa pamoja. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, soko la katikati ya mji wa Cork limefurika, watu wanasukumana na vikapu vyao. Kidole kimoja, chenye kucha nyekundu, kilikuwa cha Dervla Twomey, fundi wa nywele, aliyevaa koti la mvua la kijani. Cha pili kilikuwa kinene, chenye kovu, cha Fintan Crowley, fundi wa mabasi.

"Kaka, mimi nimetangulia," Dervla alisema.

"Umetangulia kunyoosha kidole. Mimi nimeanza kukitamani tangu mlangoni."

"Basi endelea kutamani."

Fintan akacheka, akakilipia, kisha akamkabidhi. "Chukua. Ila siku ukikipika, niite hata ninuse."

Alinusa kesho yake. Kufikia mwezi wa tisa mswaki wake ulikuwa bafuni kwa Dervla, ghorofani juu ya saluni, Mtaa wa Barrack. Dervla alijua kwamba Fintan ana mtalaka, Imelda, na kwamba hapendi kumzungumzia. Naye hakuchokonoa. Wivu wake ulikuwa umesinzia tu, haujafa.

Jioni moja, wakinywa chai, Fintan akasema, "Mpenzi, mwezi wa kumi na moja twende Praha. Siku nne, mimi na wewe tu."

Dervla aliruka akamkumbatia shingo. Hakuna mwanamume aliyewahi kumpeleka mbali zaidi ya Kerry, mkoa wa jirani. Kesho yake alinunua gauni la rangi ya zabibu, na usiku Fintan akachukua karatasi na penseli.

"Tunafika Ijumaa. Hoteli ni ile ya nyuma ya kanisa, mlango wa bluu. Tuombe chumba cha ghorofa ya tatu, upande wa uani, maana wa barabarani una kelele za tramu. Asubuhi darajani, kabla ya umati. Mchana tunakula bata."

"Wee! Yote hayo umeyajulia wapi?"

"Nimesoma mtandaoni," Fintan alijibu, macho kwenye kikombe.

Alhamisi iliyofuata, mwanamke mwenye koti jeupe na manukato makali akaingia saluni, akajilaza kwenye sinki la kuoshea nywele. Dervla, aliyewahi kuona picha yake, alimtambua papo hapo. Alikuwa Imelda.

"Nasikia mnakwenda Praha," Imelda alisema huku amefumba macho.

"Nani kakwambia?"

"Cork hii, dada, unaficha nini? Utapapenda. Atakupeleka kwenye mlango wa bluu, ghorofa ya tatu. Ndiko tulikokwenda fungate." Akatabasamu. "Na bata usimkose."

Maji yakabadilika ghafla.

"Aah! Yanaunguza!"

"Samahani, mkono umeteleza," Dervla alisema. Mkono haukuteleza.

Imelda alipotoka tu, Dervla akapiga simu gereji.

"Laazizi, niko chini ya basi..."

"Baki huko huko! Mimi wa kupashiwa kiporo, Fintan? Kiporo cha Imelda?"

"Dervla, nisikilize..."

"Chumba kile kile! Bata yule yule! Eti umesoma mtandaoni!"

"Nilidanganya, ni kweli, lakini..."

Simu ikakatwa.

Siku nane Fintan alipiga, na siku nane Dervla aliilaza simu kifudifudi. Kila alipokata nywele za mtu alimwona Imelda darajani, kitambaa kinapepea shingoni, na Fintan anamfunga kifungo cha koti. Alitafuta hata picha za ile hoteli, akahesabu madirisha mpaka ghorofa ya tatu, akalikodolea macho pazia kama limemtukana. Alijua anajiumiza. Akatazama tena.

Siku ya tisa, Jumamosi, saluni imejaa, Fintan akaingia na ovaroli lake la kazi, akaketi kwenye kiti cha mbele ya kioo.

"Nataka kunyolewa."

"Hapa tunanyoa wasema kweli."

"Basi niulize chochote."

Bibi Hegarty, aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akaizima ili asikie vizuri.

Dervla alishika mkasi, akaanza kukata. Swali lililomkereketa siku zote hizo likamtoka lenyewe. "Huko kwenye fungate, ulimnunulia nini?"

"Tiketi ya kurudi nyumbani."

Mkasi ukasimama.

"Tuligombana siku ya pili," Fintan alisema taratibu. "Akasema ameolewa na gogo. Mchana akapanda ndege. Tulikubaliana kuwaambia watu kwamba tulifurahi, na mpaka leo yeye anasema hivyo. Nilibaki siku mbili, Dervla. Bata nilimla peke yangu. Asubuhi nikaenda darajani, jua likachomoza juu ya mto, zuri mno, nikageuka nimwonyeshe mtu. Hapakuwa na mtu. Nikaona aibu kukwambia. Sikutaka kurudia fungate ya Imelda. Nilitaka safari hii nikigeuka, nikuone wewe."

Dervla alimtazama kiooni, akaona masikio yamemwiva, akahisi lile jiwe la siku tisa likimtoka kifuani.

"Msamehe basi," Bibi Hegarty akadakia, "la sivyo nitamchukua mimi."

"Subiri zamu yako, bibi." Dervla akaweka mkasi chini, akakalia mkono wa kile kiti na kutoa simu yake. "Hoteli nachagua mimi. Ng'ambo ya pili ya mto. Na tukifika, sitaki kusikia Imelda alikanyaga wapi."

"Sitasema."

"Hata nikikuuliza. Maana nitakuuliza."

"Hata ukiniuliza."

Akapekua vyumba kimya kimya, bega lake limeegemea la Fintan, aliyekuwa amekatwa nywele upande mmoja tu.

"Hilo jua linachomoza saa ngapi?"

"Mwezi wa kumi na moja? Saa moja na robo hivi."

"Basi uniamshe saa kumi na mbili."

"Nikikuamsha saa hizo utanitukana."

"Nitakutukana," Dervla alisema. "Niamshe hivyo hivyo."