Kiti Kilichokataa Kubonyea

Jua lilipokuwa likizama, fundi makochi aliwasha taa ya karakana iliyopakana na nyumba yake, akaburuta kiti cha marehemu mkewe hadi katikati ya sakafu. Binti yake alikuwa amekiomba. Alitaka kukiweka chumbani kwake, karibu na dirisha, maana siku hizi alikuwa anachoka. Hakusema anachoshwa na nini. Baba mtu neno hilo alishalisikia katika nyumba hiyohiyo, kwa sauti nyingine.

Mkewe naye alianza hivyo. Alizika mtoto mchanga, kisha shule aliyofundisha ikapunguza walimu naye akiwamo, kisha usingizi ukamhama. Akawa anakaa kwenye kiti hiki tangu asubuhi, hajaoga, chai imempolea mkononi, na moyo ukimwenda mbio mtu akibisha hodi tu. Daktari aliuita ugonjwa huo sonona, akampa vidonge.

Lakini ukoo ulikuwa na madaktari wake. Dada mkubwa wa fundi, mwanamke wa miraba minne na ulimi usio na likizo, alisema ni uvivu. Uvivu ulipokataa kupona kwa masimango, akasema basi ni jini, akaleta mganga. Mganga huyo alivaa saa mbili, moja imekufa. Katikati ya kumfukuza jini alisahau jina la jini huyo, dada mtu akamkumbusha. Vidonge vilimwagwa chooni, eti jini hapendi kuchanganyiwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa na ombi moja tu, alilolinong'ona kila siku.

"Mwambieni asogee. Ananikalia."

Walimcheka. Baada ya miezi michache walimlilia, tena kwa sauti kubwa kuliko walivyomcheka. Ukoo ule ulikuwa hodari wa vyote viwili.

Fundi alichana kitambaa. Harufu ikamjia... harufu ya chumba kisichofunguliwa madirisha, ya nywele zilizolala na jasho. Akatoa sponji, akasogeza taa.

Kiti humsema aliyekikalia, na fundi alikuwa amezoea kukisikiliza. Mkewe alikuwa mwepesi, na alipenda kuegemea kushoto. Springi za kushoto zilikuwa zimelala kidogo, kama alivyotarajia. Za katikati zilikuwa zimebonyea hadi kugusa mikanda ya chini, bapa kama sahani.

Hakuna mtu mwenye uzito ule.

Fundi akiwa bado ameinama, dada yake akaingia bila hodi. Alikuwa amesikia habari za binti. Akasema alijua tu, mtoto wa nyoka ni nyoka, uvivu wa mama umemwingia mwana. Asihangaike mtu, mganga ameshaambiwa na kesho atakuja. Fundi akamwonyesha springi, na kwa sauti ya chini akamkumbusha maneno ya marehemu. Dada akaguna, akarudisha sponji mahali pake kwa mkono mmoja.

"Mdogo wangu, mtu mzima na akili zako, unaogopa kiti?"

Akakaa.

Kiti hakikulia. Hakikubonyea.

Fundi alitazama na asiamini. Dada yake, ambaye alikuwa akivunja viti vya watu kwenye sherehe, alikuwa amekaa juu mno. Kati ya gauni lake na sponji mwanga wa taa ulipita, upana wa kiganja. Miguu yake ilining'inia kidogo, kama ya mtoto aliyepakatwa.

"Dada," alinong'ona. "Inuka."

Mashavu yalikuwa yamemporomoka. Macho yake yalitazama ukutani, mahali palepale alipokuwa akipatazama marehemu. Ulimi ule ulikuwa umepata likizo.

Kisha, polepole...

"Mwambie asogee."

Fundi alinyoosha mkono amvute. Mkono ukafika nusu ya njia, ukasita. Kitu kichungu kilimpanda kooni, akakiacha kitoke, neno kwa neno, kwa sauti aliyojifunza kwa dada mwenyewe.

"Ni uvivu tu, dada. Wenzako wanafanya kazi."

Kwiii...

Sponji ilididimia. Na dada akapanda. Mwanga chini ya gauni ukawa upana wa viganja viwili, kana kwamba aliyempakata amepewa chakula akajinyoosha.

"Baba, usimwambie hivyo."

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakutazama mwanga wala sponji. Alipita moja kwa moja, akamshika shangazi yake mikono yote miwili, akamwambia pole, twende ndani, hutakiwi kusema chochote. Dada akashuka taratibu kama maji yanayopungua. Alitembea akiwa ameegemea bega la binti, mdogo kuliko alivyoingia.

Asubuhi fundi alikivunja kiti na kukichoma, mbao na kitambaa. Mganga alipofika na saa zake aliishia getini. Binti alipelekwa kwa daktari, na vidonge vyake baba anavitunza mfukoni mwa shati, ukoo usivifikie.

Dada yuko kwake. Anakaa kwenye mkeka tangu asubuhi, chai inampolea mkononi. Ukoo umeshakutana, umeamua ni uvivu. Wamemtuma mtu kwa fundi: aje, yeye ndiye mdogo wake, amwambie maneno makali kidogo. Fundi ameomba udhuru. Anajua ni nani atakayenenepa.

Ila kuna jambo hajamwambia mtu. Fundi makochi hachomi springi. Asubuhi ile, kabla ya moto, mikono yake ilikata kamba kwa mazoea, springi za katikati zikaruka juu, nzima, kama mpya, naye akazitupa kwenye boksi pamoja na nyingine za kutumika tena. Alikumbuka zilikotoka moshi ukiwa umeshapaa.

Sasa ameinamia boksi, anazibonyeza moja moja kwa dole gumba, akizitafuta zile za katikati. Zote zinarudi juu. Zote zinafanana.

Mlangoni mteja anauliza, kwa masimango kidogo, kiti chake kitakwisha lini, au fundi siku hizi amekuwa mvivu.

Ndani ya boksi, kitu kimelia. Kwiii...