Fremu Isiyo na Nembo

Risasi ya kwanza ilitoboa bati.

Ya pili ilipita pale kichwa chake kilipokuwa.

Sindano hakusubiri ya tatu. Aliruka ukuta wa karakana, fremu ya baiskeli begani, akatua upande wa pili kwa magoti yote mawili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," alijibu fundi baiskeli, kaka wa mama yake, huku akiendelea kunyoosha rimu. "Mlango umekukosea nini?"

Sindano alichungulia tundu la geti, akachomoa bastola yake ya Glock, akainua redio.

"Mkuu, fremu ninayo. Wanaonifuata ni wawili."

"Vijana wetu wako dakika kumi kutoka hapo. Usiikate bado."

"Kwa nini?"

"Yule Mkusanyaji wa baiskeli za kale ana hati. Zinasema fremu ni ya miaka sabini, ya kiwanda cha nchini kwao. Ukikata kitu halali, ubalozi wake utatumeza wazima wazima. Nithibitishie hati ni za uongo. Yuko uwanja wa ndege sasa hivi, anasubiri aletewe. Anaruka saa sita."

Casio mkononi ilisoma saa tano kasorobo.

Mtu fulani alikuwa ameiba ramani ya mtambo wa maji wa mji, pamoja na namba za kufungulia mabwawa yake. Mji mzima ulikunywa maji hayo. Sindano aliamini ramani imo ndani ya bomba mojawapo la fremu hii aliyoichomoa ghalani mwa Mkusanyaji nusu saa iliyopita.

Kuamini hakutoshi.

"Mjomba, nani katengeneza hii? Lini?"

Mzee alivaa miwani, akaibana fremu kwenye jiliwa, akaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa.

"Nembo hakuna. Namba imefutwa kwa tupa." Aliingiza kalipa, kipimo cha upana wa matundu, kwenye tundu la kiti. "Hii si ya kiwandani. Kiwanda hutoboa duara kamili. Huyu alipanua kwa mkono."

Geti lilipigwa teke. Komeo likalia.

"Harakisha, mjomba."

"Ukiniharakisha nitakudanganya."

Alipitisha kidole kwenye soketi ambamo mabomba yalikutana. Mistari ya tupa ililala upande mmoja. "Alikuwa mashoto."

Kisha akarudisha kidole palepale.

Teke la pili.

"Mjomba! Sema!"

"Ni kazi ya baba yako."

Sindano aligeuka. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka tisa. Alichobakiza kwake ni picha moja iliyoingia maji, uso umefutika.

"Una uhakika?"

"Mimi ndiye niliyekuwa namshikia mabomba. Angalia, hapa tupa iliruka. Mwaka ule pikipiki ilimvunja kidole gumba, naye akakataa kupumzika. Fremu tatu tu zilitoka na makovu haya. Ina miaka thelathini na mmoja. Sabini wapi!" Aliinama zaidi, akakwaruza rangi kwa ncha ya bisibisi. "Ila shaba iliyounga bomba la chini si yake. Bado inang'aa. Kuna mtu kalifungua, akalifunga tena juzi juzi."

Sindano alibonyeza redio.

"Mkuu, imetengenezwa hapa hapa mjini, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Aliyemshikia fundi mabomba yuko mbele yangu. Atatoa ushahidi."

Redio ilikwaruza.

"Kata."

Komeo liliachia.

Wa kwanza aliingia mbio. Mzee alimwaga kopo zima la gololi kwenye sakafu. Miguu ikaenda huku, mwili kule, bastola chini ya benchi. Wa pili alisimama ghafla: mdomo wa Glock ulikuwa shubiri moja kutoka puani mwake.

"Lala. Mpe mwenzako kampani."

Alilala.

Mjomba aliwafunga kwa minyororo ya baiskeli, kisha akashika msumeno wa chuma.

"Nikate mimi?"

"Hapana. Nipe."

Sindano akaupokea msumeno. Alikata kwenye ile shaba mpya, polepole, asiguse hata mstari mmoja wa tupa ya baba yake. Bomba lilifunguka. Kutoka ndani ikateleza ramani, kwenye filamu iliyoviringishwa na kufunikwa nta.

Saa tano na nusu, Mkusanyaji alikuwa anakunywa kahawa kwenye ukumbi wa abiria. Sindano aliketi mkabala naye.

"Ile fremu, nani aliitengeneza?"

Mkusanyaji alitaja kiwanda bila kupepesa macho. "Miaka sabini iliyopita."

"Umekosea vyote viwili."

Pingu zilifunga. Askari wakamwinua. Kahawa ikabaki inafuka.

Nje, simu iliita.

"Fremu ni kielelezo," alisema Mkuu. "Itakaa mahakamani hadi kesi iishe. Huenda mwaka, huenda miwili."

"Nitasubiri."

"Na ukiipata utaifanyia nini?"

"Nitaichomelea, halafu nitaipanda."

Alikata simu, akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akaupita msururu wa teksi kwa miguu.