Jiwe Lenye Mstari Mweupe

Kila asubuhi Zipora aliruka mawe ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mawe yalianzia mlangoni, yakapita chini ya meza, yakaishia kwenye ndoo ya maji. Yalikuwa arobaini na moja, kila moja likigusa jingine. Aliyeyapanga ni binti yake, Loveness, mwenye umri wa miaka sita. Zipora alinyanyua sufuria ya chai juu, akakusanya gauni lake, akapita kwa ncha za vidole. Ole wake atakayesogeza jiwe moja! Kijiji kizima kingesikia kilio.

Nyumba yao ilikuwa Mwakitolyo, mahali wanapochimba dhahabu. Zipora alikaanga chapati barazani na kuwauzia wachimbaji. Mumewe, Bujiku, alikuwa mchimbaji. Alishuka kwenye shimo refu, ambalo wenyewe huliita duara, akapandisha mawe kwa viroba. Mawe hayo yalipelekwa kwenye karasha, yaani mashine ya kuyasaga. Karasha zilianza kunguruma saa mbili asubuhi. Zikianza tu, Loveness aliziba masikio na kujificha nyuma ya kabati.

Loveness alikuwa hajasema neno hata moja. Ukimwita jina, hageuki. Lakini ukifungua pakiti ya biskuti uani, anakuja mbio.

"Kiziwi si kiziwi," alisema Bujiku. "Sasa ni nini? Miaka sita hajaniita baba."

Bibi yake Loveness, aliyeishi Didia, hakuona shida yoyote. "Mjukuu wangu ana adabu," alisema kila alipokuja. "Hajamkazia macho mtu mzima hata siku moja!" Kwa Wasukuma, mtoto mwenye heshima hupiga goti akisalimia, na huinamisha macho. Loveness hakupiga goti wala hakusalimia. Ila macho aliyainamisha kuliko watoto wote wa ukoo. Basi miaka ikapita, watu wakisifu jambo ambalo walipaswa kuliulizia.

Mwezi wa nane, Bujiku alirudi nyumbani na mfuko wa mawe kutoka duarani. Aliyamwaga sakafuni ayatazame. Loveness alikuja, akachuchumaa, akachagua jiwe moja. Akaliweka kwenye mstari wake.

Bujiku alishangaa. Mtoto huyu hakuwahi kumkaribia hivyo. Kesho yake, kwa utani tu, alilichukua jiwe lile, akalitwanga, akauosha unga wake kwenye karai. Chini ya karai palibaki vumbi la njano.

"Dhahabu!" alipiga kelele.

Habari zilienea upesi kuliko moshi. Magesa, mwenye duara, alikuja mwenyewe na pakiti tatu za biskuti.

"Mwadila, Mama Loveness," alisalimia.

"Mwadila. Karibu."

"Mtoto wako ni bahati. Anaona kilichomo ndani ya jiwe. Kuanzia kesho tutakuwa tunamleta duarani asubuhi, atuchagulie kiroba cha kuanza nacho."

"Na shule? Mwezi wa kwanza anatakiwa kuanza darasa la kwanza."

"Shule ya nini? Itamharibu!" Magesa alisema. "Bahati haiendi shule."

Zipora alimtazama mumewe. Bujiku alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimfunga mdomo mkewe. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomwona Bujiku akijivunia mwanawe.

Kwa wiki tatu Bujiku alimbeba Loveness mabegani kwenda duarani. Siku nyingine jiwe alilochagua lilikuwa na dhahabu. Siku nyingi halikuwa na kitu. Waliopata walisimulia, waliokosa walinyamaza, na sifa za mtoto zikazidi kukua. Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Loveness alirudi akitetemeka. Aliuma mkono wake hadi ukavimba. Aliacha kula ugali, akawa anakula wali mweupe tu.

"Ana pepo," jirani mmoja alisema.

"Ana deko. Samaki mkunje angali mbichi," alisema mwingine, akimwonyesha Zipora fimbo.

Zipora hakumchapa. Alijiuliza tu, tena na tena: kwa nini? Swali hilo lilimkaa kichwani hata alipokuwa anasukuma chapati.

Asubuhi moja alikuja Mwalimu Ritha. Alikuwa amehamia shule ya kijiji mwaka huo, na aliwahi kusomea elimu maalumu. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto wa darasa la kwanza.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Zipora.

"Marahaba, Mama Loveness. Mwanafunzi wangu yuko wapi?"

"Yuko ndani. Lakini mwalimu, yule hafai shule. Haongei."

Mwalimu Ritha aliingia. Hakumwita Loveness. Hakumshika kidevu atazame juu, kama wageni wote walivyozoea kufanya. Alikaa sakafuni mbali kidogo, akachukua vifuniko vitano vya soda mfukoni mwake, akavipanga mstari. Akanyamaza. Muda ulipita, chapati ya Zipora ikaungua. Mwishowe Loveness alisogea, akakiweka sawa kifuniko cha tatu.

"Asante," alisema mwalimu kwa sauti ndogo.

Zipora alihisi machozi. "Umefanyaje, mwalimu?"

"Nimesubiri tu. Sasa nikuulize. Analia lini?"

"Kila wakati!"

"Hakuna mtoto anayelia kila wakati. Usinijibu leo. Mtazame siku saba. Kila akilia, jiulize nini kimetokea muda mfupi kabla. Na jambo la pili, nimesikia habari za mawe. Anachagua mawe gani?"

"Yenye dhahabu, wanasema."

"Wanasema. Wewe umeyaangalia?"

Zipora hakuwa ameyaangalia. Alikuwa akiyaruka kila siku.

Kwa siku saba Zipora aligeuka mpelelezi. Siku ya kwanza aliona kwamba Loveness hulia karasha zinapowashwa. Siku ya pili aliona kwamba analia anaponyanyuliwa ghafla bila kujua anapelekwa wapi. Siku ya nne alifagia akasogeza jiwe, na hapo hakuhitaji upelelezi. Siku ya Jumapili karasha zilipozimwa, mtoto aliimba. Ndiyo, aliimba! Ilikuwa sauti moja ndefu bila maneno, huku akijibembeza. Zipora alisimama na mwiko mkononi, akaogopa hata kupumua.

Siku ya saba alipiga magoti, akaanza kuangalia mawe moja moja. La kwanza lilikuwa na mstari mweupe. La pili pia. La tatu pia. Mengine makubwa, mengine madogo, meusi na mekundu, lakini yote arobaini na moja yalikuwa na mstari mweupe.

"Kumbe!" alisema Zipora peke yake. Akacheka.

Alimweleza Mwalimu Ritha yote. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema, "Mimi ni mwalimu, si daktari. Lakini nadhani Loveness ana usonji. Tumpeleke hospitali mjini. Wapime masikio kwanza, kisha wamwangalie na mengine."

"Usonji ni ugonjwa gani? Aliupata kwa sababu nilikula kitu kibaya?"

"Hukufanya kosa lolote. Si laana, si pepo, wala hauambukizi. Mtoto huzaliwa hivyo. Ubongo wake unapokea mambo kwa namna yake. Wewe karasha unaisikia. Yeye inamuumiza. Wewe ukiitwa jina unageuka. Yeye jina lake linapotea kati ya sauti nyingine."

"Kuna dawa?"

"Hakuna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia dawa hiyo anakudanganya. Lakini kuna msaada mwingi. Watoto wenye usonji hawafanani. Wengine huongea sana, wengine hawaongei kabisa. Wengine wana kipaji kikubwa, wengine hawana, sawa na watoto wengine wote. Wote hujifunza, tukiwafundisha kwa njia inayowafaa."

Waliondoka kwenda mjini siku mbili baadaye. Hospitalini walipima masikio ya Loveness, yakawa mazima. Daktari alimwangalia akicheza, akamuuliza Zipora maswali mengi, na safari hii Zipora alikuwa na majibu. Daktari akasema ni usonji kweli. Akampa tarehe ya kurudi na mazoezi ya kufanya nyumbani.

Ilibaki kazi ngumu kuliko zote. Kumwambia Bujiku.

Zipora aliona maneno matupu hayatoshi. Jioni moja alimwita mumewe pamoja na Magesa. Mezani alikuwa amepanga mawe kumi aliyookota barabarani, karibu na kanisa.

"Haya si ya duarani," alisema. "Mimi nasema atachagua manne. Hili, hili, hili na hili."

Loveness alikuja. Alichagua manne yale yale, akaenda kuyapanga. Magesa aliyatwanga, akaosha karai mara mbili. Palibaki matope.

"Anapenda mstari mweupe," alisema Zipora. "Basi. Baadhi ya mawe yenu yenye dhahabu yana mstari huo, na mengi yenye mstari hayana kitu."

Magesa alikuna kichwa. "Wiki tatu nzima tumechaguliwa mistari," alisema. Akacheka kwa aibu, akaaga.

Bujiku hakucheka. "Umeninyang'anya," alimwambia mkewe. "Unadhani nilitaka dhahabu tu? Ile ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya na mwanangu. Alikuwa anakaa karibu yangu." Akatoka nje. Zipora aliumia, maana hakuwa amewaza hilo.

Tangu siku hiyo Loveness hakupelekwa tena duarani. Bujiku naye akawa anarudi usiku, mtoto akiwa amelala. Hakuleta tena mawe nyumbani.

Mwalimu Ritha alimwonyesha Zipora njia mpya. "Anapenda mstari. Basi zungumza naye kwa mstari." Wakachukua ubao, wakaweka juu yake vitu vinne. Kikombe, maana yake uji. Ndala, maana yake tunatoka. Sabuni, maana yake kuoga. Kipande cha mkeka, maana yake kulala. Kabla ya kila jambo, Zipora alimpa Loveness kitu chake akishike, akasema neno moja tu. "Uji." Kisha akasubiri. Likiisha jambo, kitu kinaingia kikapuni.

Wiki ya kwanza Loveness alivirusha vyote. Wiki ya pili alivishika. Wiki ya tatu alikuja na kikombe mwenyewe, akakiweka mkononi mwa mama yake.

"Uji?" aliuliza Zipora kwa mshangao. "Unataka uji?" Akampa vikombe viwili kwa furaha, mpaka tumbo la mtoto likajaa.

Mwezi wa kwanza Loveness alianza shule. Zipora alimpitisha njia ya mzunguko, mbali na karasha, amefungwa kitambaa kizito masikioni. Mwalimu Ritha alimkalisha pembeni, karibu na dirisha lisilotazama barabara. Alipochoka, aliruhusiwa kwenda kukaa chini ya ngazi na vifuniko vyake vya soda. Watoto walielezwa, wakaelewa upesi kuliko wazazi wao. Hata bibi alipokuja kutoka Didia alifundishwa kusubiri. "Mimi nilidhani ni heshima," alisema kwa huzuni. Mchana kutwa alikaa kando ya mjukuu wake bila kusema kitu, na kwa bibi yule hiyo haikuwa kazi ndogo.

Siku moja Zipora aliona kitu cha tano juu ya ubao. Kati ya sabuni na mkeka palikuwa na jiwe lenye mstari mweupe. Yeye hakuliweka.

Akalitoa. Loveness akalirudisha. Labda anataka mawe mengine? Zipora alimletea mawe matano. Loveness aliyasukuma. Labda amekosea? Kesho yake jiwe lilikuwa pale pale, baada ya kuoga, kabla ya kulala. Kesho kutwa vilevile. Zipora aliumiza kichwa.

Siku ya nne maji yalijaa duarani, wachimbaji wakarudi mapema. Bujiku aliketi barazani anafungua buti. Loveness alikuwa ametoka kuoga. Alienda kwenye ubao, akachukua jiwe, akatoka nje. Hakumtazama baba yake usoni. Aliliweka jiwe kwenye kiganja cha baba, akachuchumaa karibu yake, bega kwa bega, akasubiri.

Bujiku aliita. "Mama Loveness! Anataka nini?"

Zipora alisimama mlangoni. Sasa alielewa, akashika mdomo. "Jiwe ni wewe," alisema. "Siku nne anakuweka kwenye mstari. Kabla ya kulala. Anakuita."

Bujiku aliligeuza jiwe mkononi. Machozi yalimtoka, na mchimbaji yule mwenye mikono kama magome hakuyafuta. Akaokota jiwe jingine lenye mstari pale barazani, akaliweka chini mbele yao. Loveness akalichukua lake mkononi mwa baba, akaliweka, likagusana na la baba. Wakaendelea hivyo mpaka giza likaingia.

Wiki iliyofuata maji yalikauka, kazi ikarudi. Saa kumi na moja jioni Bujiku alipanda juu, akakung'uta vumbi, akavua kofia yake.

"Wapi mapema hivi?" aliuliza Magesa. "Bado viroba sita."

"Nitamalizia kesho. Naitwa nyumbani."

"Na nani?"

"Na Loveness."

Magesa alishangaa. "Kwani ameanza kuongea?"

Bujiku alikuwa ameshaanza kutembea. "Anaongea siku nyingi," alijibu bila kugeuka. "Tulikuwa hatujui kusikiliza."